Dawa ya ukungu kwenye stroberi: anza kuhesabu kutoka siku ya kuchuma

Mleta mada ameeleza kwamba stroberi zake huko Lushoto zinaoza zikiwa bado kwenye mashina, tunda linalainika upande mmoja kisha linafunikwa na manyoya ya kijivu, na kwamba muuza pembejeo amempa dawa mbili: pakiti ya mankozebu, ambayo ni dawa ya ukungu ya poda, na poda nyeupe iliyopimwa kwenye mfuko wa nailoni usio na lebo. Ameambiwa aweke vizibo vitatu vya soda kwa kila bomba la kupulizia na achume baada ya siku 3. Anauliza kama kipimo hicho ni sahihi na kama mlaji atakuwa salama. Nami nalima zao hilo hilo katika milima ya Usambara, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu, kwa sababu maswali hayo mawili kwa kweli ni swali moja.

Stroberi haimenywi wala haipikwi, na mkulima haioshi kabla ya kuiuza, kwa kuwa tunda lililolowa linaoza kabla halijafika sokoni. Kinachobaki juu ya ngozi yake siku ya kuchuma ndicho kinachofika mdomoni, mara nyingi mdomoni mwa mtoto. Ukilitazama kwa karibu tunda lililopuliziwa mankozebu likakauka, utaona vumbi la manjano limejikusanya ndani ya vishimo vidogo vinavyobeba mbegu, mahali ambapo maji ya bomba hayafiki vizuri. Tena, tofauti na mahindi au viazi vinavyovunwa mara moja, stroberi huchumwa kila baada ya siku mbili au tatu kwa miezi kadhaa, huku shina hilo hilo likiwa na maua, matunda mabichi na matunda mekundu kwa wakati mmoja. Ndiyo maana mimi sianzi kwa kuuliza ni dawa gani kali zaidi. Naanza na idadi ya siku ambazo lebo inataka zipite kati ya kupulizia na kuchuma, kisha naangalia kama siku hizo zinawezekana shambani kwangu. Dawa inayotaka siku 14 inaweza kuwa nzuri sana kwa nyanya, lakini kwenye stroberi iliyokwisha kuanza kuzaa maana yake ni kutupa matunda ya wiki mbili, na sijamwona mkulima anayeyatupa kweli.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Manyoya ya kijivu ni ukungu wa kijivu, unaosababishwa na kimelea kiitwacho Botrytis cinerea. Unapenda ubaridi wa kadiri, nyuzi 15 hadi 25 za Selsiasi, pamoja na majani yanayokaa na maji kwa saa nyingi, na hiyo ndiyo hali ya Lushoto wakati wa masika na siku za ukungu mzito wa mlimani. Jambo ambalo wakulima wengi hawaambiwi ni kwamba kimelea hiki huingia wakati wa maua. Hutua kwenye petali zilizonyauka, hupenya kwenye kitunda kichanga, kisha hutulia humo bila dalili yoyote mpaka tunda lianze kuiva na kupata sukari. Unapoona manyoya, mara nyingi maambukizi yalikwisha kufanyika wiki kadhaa zilizopita, na dawa utakayopulizia siku hiyo haitaliponya tunda hilo. Itaongeza tu mabaki ya sumu kwenye matunda mazima yaliyo jirani. Kinga ya kweli iko kwenye maua, na bahati nzuri ni kwamba kupulizia wakati wa maua, kabla shamba halijaanza kuzaa kwa wingi, ndiko pia kunakompa mlaji muda mrefu zaidi wa usalama. Kwenye rasiberi mambo ni yale yale.

Lakini usidhani kila kinachooza ni ukungu wa kijivu. Majani yakijikunja kwenda juu kama kijiko na upande wa chini ukawa na unga mweupe au mabaka ya zambarau, huo ni ubwiriunga, ambao hauhitaji majani yaliyolowa na hushamiri zaidi ndani ya banda la nailoni. Tunda likiwa na kidonda cha kahawia kilichobonyea, kikavu, kisicho na manyoya, hiyo ni chule, ambayo husambazwa na matone ya mvua yanayoruka kutoka ardhini. Shina likinyauka lote, ukalikata katikati na kuona wekundu wa kahawia, tatizo liko kwenye mizizi na taji la mmea. Nataja haya kwa sababu ya Ridomil Gold MZ, ambayo huku kwetu inapuliziwa kila kitu. Dawa hiyo ni mchanganyiko wa metalaksili-M na mankozebu. Metalaksili hufanya kazi dhidi ya jamii ya vimelea vya baka jani chelewa, ule ugonjwa wa viazi na nyanya, na vya kuoza kwa mizizi, wala haina nguvu yoyote juu ya ukungu wa kijivu, na mankozebu iliyomo humo nayo ni dhaifu kwa ugonjwa huo. Ukiitumia kwa tatizo lako utakuwa umelipa fedha, umemlisha mlaji mabaki, na ukungu umebaki palepale.

Kuhusu mankozebu uliyopewa, angalia rangi ya mstari ulio chini ya lebo. Nyekundu ndiyo hatari zaidi, kisha njano, kisha bluu, na kijani ndiyo ya mwisho, na dawa nyingi za ukungu ziko kwenye bluu au kijani. Rangi hiyo imewapotosha wengi, kwa sababu inapima uwezekano wa sumu kudhuru kwa mara moja, yaani mtu akiinywa au ikimwagikia leo. Haisemi lolote juu ya madhara ya kiasi kidogo kinachoingia mwilini kwa miaka. Mankozebu kwa kawaida iko kwenye rangi hizo za chini, na bado Umoja wa Ulaya uliamua mwishoni mwa mwaka 2020 kutoendelea kuiidhinisha, kwa sababu ya madhara yake kwenye uzazi na kwenye mfumo wa homoni. Hapa kwetu inauzwa kihalali na sisemi kwamba anayeitumia ni mhalifu, ila nasema kwamba kwenye tunda linaloliwa bichi na linalochumwa kila baada ya siku tatu, mimi siiweki baada ya maua ya kwanza.

Zipo dawa zilizotengenezwa kwa kuulenga ugonjwa huu, kama vile mchanganyiko wa siprodinili na fludioksonili, au feniheksamidi, na katika nchi nyingi muda wake wa kusubiri kwenye stroberi ni wa siku chache tu. Kwa ubwiriunga, salfa na baikaboneti ya potasiamu hutosha mara nyingi, ilimradi usipulizie salfa jua likiwa kali na joto likikaribia nyuzi 30, wala ndani ya wiki mbili kabla au baada ya dawa zenye mafuta, maana itaunguza majani. Dawa za kibiolojia zenye bakteria Bacillus subtilis nazo zinasaidia, ingawa zinahitaji kupuliziwa mapema na mara kwa mara, na kwa shamba ambalo tayari limechafuka hazitoshi peke yake. Kabla ya kununua yoyote, hakikisha imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na kwamba lebo inataja stroberi au angalau matunda ya jamii hiyo. Muda wa kusubiri ulioandikwa kwa ajili ya kahawa hauwezi kuhamishiwa kwenye stroberi.

Usirudie dawa ile ile msimu mzima. Kwenye lebo nyingi kuna namba ya kundi, inayoonyesha namna dawa inavyomshambulia kimelea: azoksistrobini iko kundi la 11, difenokonazoli na tebukonazoli kundi la 3, kabendazimu kundi la 1. Majina ya kibiashara yanaweza kuwa matano tofauti na kundi likawa moja, hivyo anayebadilisha pakiti bila kubadilisha namba hajabadilisha kitu. Ukungu wa kijivu ni mwepisi mno kuzoea dawa, na usugu wake kwa kundi la 1 na la 11 umethibitishwa katika nchi nyingi. Mkulima ambaye dawa yake imekwisha kuzoeleka huongeza kipimo, kisha huongeza tena, na hapo ndipo sumu inapozidi bila ugonjwa kupungua.

Nimefika kwenye vizibo. Kizibo cha soda hupima ujazo, na poda hazina uzito mmoja: kizibo cha dawa moja kinaweza kuwa mara mbili ya kizibo cha nyingine kwa gramu. Vivyo hivyo na kiberiti na kijiko cha chai. Tafuta mizani ndogo ya jikoni. Kisha pima bomba lako na mwendo wako, kwa sababu watu wawili wenye bomba moja hawamwagi maji sawa. Pima eneo la mita 10 kwa 10 kwenye matuta yako, jaza maji matupu, pulizia kama unavyopulizia siku zote, halafu angalia yametumika lita ngapi. Tuseme ni lita 6. Hekta moja ina maeneo kama hayo 100, kwa hiyo wewe unatumia lita 600 kwa hekta. Lebo ikisema kilo 2 kwa hekta, gawanya gramu 2,000 kwa 600, utapata gramu 3.3 kwa lita, yaani takriban gramu 53 kwa bomba la lita 16. Robo eka, ambayo ni kama mita za mraba 1,000, itahitaji lita 60 na gramu 200, mabomba manne yasiyojaa yote. Rudia kipimo hiki unapobadilisha nozeli na mimea inapokua.

Hatari kubwa kwa mpuliziaji iko wakati wa kuchanganya, anaposhika dawa ambayo haijapungua makali, na njia kuu ya kuingia mwilini ni ngozi, hasa mikono. Glavu za mpira zisizopitisha maji ni muhimu kuliko barakoa, ingawa barakoa ni lazima unapofungua poda. Miwani, mikono mirefu, buti, na suruali ipite nje ya buti ili matone yasitiririkie ndani. Koroga poda kwanza kwenye ndoo ndogo kwa fimbo mpaka iwe uji laini, kisha mimina kwenye bomba lenye maji nusu, halafu jaza. Bomba linalovuja mgongoni litengenezwe kabla ya kitu kingine chochote. Na maziwa hayazuii sumu. Desturi ya kunywa nusu lita baada ya kupulizia imewafanya vijana wengi wasione haja ya kuoga mara moja kwa sabuni na kubadili nguo. Mtu akizidiwa, mpelekeni hospitali pamoja na lebo, wala msimlazimishe kutapika.

Pulizia kuanzia saa 11 jioni, nyuki wakiwa wamepungua na upepo umetulia, lakini uache muda majani yakauke kabla ya umande. Siku ile ile, kabla ya kupulizia, chumeni matunda yote yaliyoiva na yanayokaribia kuiva. Hatua hii moja ndiyo inayofanya siku tatu za kusubiri ziwezekane. Mimi nafunga kitambaa chekundu kwenye mti ulio kichwani mwa tuta, na hakifunguliwi mpaka tarehe iliyoandikwa kwenye daftari, kwa sababu wachumaji huja alfajiri kabla sijaamka na hawawezi kujua kilichofanyika jana. Daftari lina tarehe, kipande cha shamba, kiambato hai (kemikali inayofanya kazi ndani ya dawa), kundi, na siku ya kwanza ya kuchuma.

Vyombo vilivyokwisha vioshwe mara tatu, maji ya kuoshea yarudi kwenye bomba na kupuliziwa shambani, kisha vitobolewe. Bomba lisioshwe kijitoni, kwani huku mlimani kijito cha mmoja ni kisima cha mwingine aliye bondeni.

Yote haya yatapungua ukipunguza unyevu wenyewe. Ondoa majani makavu na matunda yaliyooza kwa ndoo ya peke yake, na mtu anayeyaondoa asichume mazima kwa mikono hiyo hiyo. Tandaza nyasi kavu au nailoni nyeusi ili tunda lisiguse udongo, mwagilia kwa matone badala ya kumwagia juu, na punguza yurea, maana inaleta majani mengi yanayoficha maua na tunda laini linalooza haraka. Kwa uzoefu wangu, paa la nailoni juu ya matuta wakati wa masika lilipunguza kuoza kuliko dawa yoyote niliyowahi kuinunua, ingawa ubwiriunga ulianza kuonekana zaidi.

Kwa hiyo, leo usipulizie chochote. Poda nyeupe irudishe ilikotoka, na usiikubali hata ukipewa jina lake kwa mdomo. Mankozebu ihifadhi kwenye pakiti yake, pakavu na penye kufuli, kwa ajili ya miche mipya isiyo na maua, kama lebo yake inaruhusu. Safisha shamba kwanza, kisha tuwekee hapa picha ya tunda lililooza, picha ya upande wa chini wa jani, na lebo ya dawa yoyote utakayoonyeshwa dukani, mstari wa chini wenye rangi ukiwa unaonekana.