Jibu: Kuwatambulisha wafanyakazi wapya shuleni

Dada, umeuliza kama barua pepe moja inatosha kuwajulisha walimu wakuu wa shule za Kayole na Dandora, mitaa ya Nairobi, kwamba mmeajiri mtaalamu wa tiba ya usemi na mshauri nasaha. Haitoshi. Mwalimu mkuu hupokea barua chungu nzima, na bawabu wa langoni, ndiye wa kwanza kukutana na wafanyakazi hao, hataiona kabisa.

Mpigie mwalimu mkuu kwanza. Kisha mfanyakazi mpya aende na mwenzenu ambaye shule tayari inamjua, na waingie chumba cha walimu wakati wa chai, dakika chache tu. Aseme jina lake, siku atakazokuja, na mtoto gani apelekwe kwake: mwenye kigugumizi, aliyechelewa kusema, aliyefiwa na mzazi akanyamaza. Mwalimu mwenye darasa lililofurika anataka kusikia hayo, si orodha ya shahada.

Nakala ya cheti cha maadili mema kutoka DCI, idara ya polisi ya upelelezi wa jinai, ibaki ofisini kwa mwalimu mkuu, na kitambulisho chenye picha kivaliwe shingoni. Hapo msilegeze hata kidogo, hao ni watoto wa watu. Wazazi nao watumiwe ujumbe mfupi wa Kiswahili kwenye kundi la wasapu la darasa, kabla mtoto yeyote hajaitwa.

Epukeni Oktoba na Novemba, shule zikiwa kwenye mitihani ya kitaifa. Namba mtakayoacha iwe ya ofisi. Mfanyakazi akihama, shule iendelee kuwapata.