Mtoto analia, lakini simsikii

SWALI: Mwanangu alizaliwa njiti, mimba ikiwa na wiki 27, akakaa muda mrefu kwenye mashine ya kupumulia. Mrija uliopitishwa kooni ulimwachia kovu lililoibana njia ya hewa chini ya nyuzi za sauti, na sasa anapumua kwa mrija uliowekwa shingoni. Wiki ijayo tunaruhusiwa kwenda nyumbani. Akilia naona machozi tu, sauti hakuna. Nitalalaje usiku? Je, ataongea?

JIBU: Mama, hofu yako ina msingi. Hewa ya mwanao inatokea shingoni kabla ya kuzifikia nyuzi za sauti, ndiyo maana kilio chake hakisikiki. Kwa hiyo usiku usiyategemee masikio yako: ulizia kipima oksijeni chenye kengele, na mpange zamu ili mtu aliyefunzwa awe karibu naye wakati wote. Ningekusihi usikubali kuondoka hospitalini kabla watu wawili hawajabadilisha mrija kwa mikono yao wenyewe mbele ya wauguzi, kwa kuwa mtu mmoja huchoka, huugua na husinzia.

Popote mtoto alipo, hata bafuni, pawepo mashine ya kufyonza makohozi, mrija wa akiba wa kipimo chake na mwingine mdogo kidogo. Mbavu zikibonyea anapovuta pumzi, midomo ikiwa ya bluu au akihangaika ghafla, fyonza mara moja. Hali isipobadilika, badilisha mrija papo hapo huku mwenzako akiita msaada. Waulize pia madaktari wake: mrija ukitoka na ukakataa kurudi, je, hewa inaweza kupita mdomoni, au kovu limeziba kabisa? Jibu hilo ndilo litakaloamua jinsi ya kumwokoa, na kila anayemlea alijue.

Pua hulainisha hewa kwa joto na unyevu, lakini mrija huiruka pua, hivyo makohozi hukauka na kuziba. Tumieni kichungi cha unyevu mtakachopewa, na msiruhusu moshi wala poda karibu naye.

Kuhusu kuongea, watoto wengi wa namna hii huongea. Ipo vali inayoingiza hewa kupitia mrija na kuitoa kupitia nyuzi za sauti, ila njia ikiwa nyembamba mno inaweza kumkaba, kwa hiyo asiijaribu mtu kabla daktari hajaipima njia hiyo. Baadaye, kovu likihitaji upasuaji, njia inaweza kupanuliwa kwa gegedu la ubavu wake mwenyewe, kisha mrija ukaondolewa. Wakati mnasubiri, mfundisheni ishara za mikono, kwani hazicheleweshi usemi. Na mnapopima maendeleo yake, mpunguzieni miezi 3 ya umri, kwa maana alizaliwa wiki 13 kabla ya wakati.