Mkitaka bibi wa Kijamaika awasimulie, wekeni simu chini mchambue maharage

Binti yangu alipewa kazi shuleni, amhoji mzee aliyehamia Uingereza kutoka Karibi. Sisi tunaishi London kusini, jirani ni bibi wa Kijamaika aliyekuja 1961, nikaona kazi nyepesi hiyo. Wapi! Kaenda na simu ya kurekodi na maswali kumi, la kwanza eti ulijisikiaje kuhama, bibi akamjibu "baridi ilikuwa kali" basi, akamkaribisha chai.

Jumapili yake nikamwambia nenda mikono mitupu ukamsaidie jikoni. Wajamaika Jumapili lazima wali na maharage, tena wa nazi, yaani mtu wa Tanga pale hapotei. Wakawa wanachambua maharage, bibi akaanza mwenyewe, chumba kimoja watu wanne, hita ya mafuta ya taa inanuka mpaka kwenye nguo za kanisani, ukienda kupanga unakuta kibao dirishani weusi hawatakiwi, benki nazo hazikopeshi, ndo wakawa wanacheza pardna. Pardna ndo nini? Kila mtu anatoa chake kila wiki, mmoja anashika, mnapokea kwa zamu. Binti akaruka, "kumbe upatu! Mama ndo kijumbe!" Bibi alicheka mpaka maharage yakamwagika, halafu akamwonyesha mlango wa mbele, nyumba hii hela ya kuanzia ilitoka huko.

Kwa hiyo vijana msianze na Empire Windrush, ile meli maarufu iliyoleta wahamiaji wa Karibi Uingereza Juni 1948, hiyo mtaisoma, na wengi hata hawakuja nayo. Ulizeni nauli ilitoka wapi, wa Barbados waliochukuliwa na London Transport, shirika la mabasi na treni za London, kuanzia 1956 walikopeshwa nauli na serikali yao wakakatwa mshahara. Ila watoto walioachwa kwa bibi zao kule nyumbani, msiguse mpaka mzee aanze mwenyewe.

Akitoa pasipoti ya zamani ombeni kuipiga picha. Kuna waliokuja kabla ya 1973 wakaja kudaiwa uzeeni ushahidi wa haki yao ya kuishi Uingereza, wakafukuzwa kazi, wengine wakarudishwa Karibi, ikawa kashfa kubwa 2018, na kadi zao za kuingilia serikali yenyewe ilishaziharibu 2010!

Kazi ya shule ilishasahihishwa zamani, binti bado anaenda kila Jumapili. Juzi bibi kauliza kama mchezo wetu una nafasi, nimempa namba saba.