Kusimamia fleti Mombasa: anza na maji

Wengi wanaoingia katika kazi ya kusimamia fleti hudhani kazi yenyewe ni kukusanya kodi. Hapa Mombasa utaulizwa maji kwanza. Mpangaji atavumilia lifti iliyolala siku mbili, na taa ya ngazi iliyoungua ataipita kila usiku akinung'unika tu. Lakini mfereji ukitoa hewa saa kumi na moja alfajiri, simu yako italia kabla hujatawadha. Ndiyo maana nitakaa kwenye maji kuliko mahali pengine. Ukiyajua maji ya jengo lako umeshajua nusu ya hesabu zake.

Mji huu haujitoshelezi. Maji yetu hutoka chemchemi za Mzima kule Tsavo, zaidi ya kilomita 200, kwa bomba lililolazwa miaka ya 1950. Mengine hutoka visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, Marere kwenye vilima vya Shimba, na Tiwi. Vyanzo vyote hivyo viko nje ya kaunti ya Mombasa. Bomba likipasuka njiani au pampu zikikosa umeme, wewe huna la kufanya ila kuhesabu kilichomo tangini. Kwa hiyo ghorofa la hapa huishi kwa vitu vitatu: mita ya kampuni ya maji, kisima cha maji ya chumvi, na namba ya simu ya mwenye boza, yaani lori la kuuza maji.

Siku ya kwanza kazini, chukua kalamu. Tuseme jengo lina fleti 24, kila fleti watu 5, kila mtu lita 100 kwa siku. Hizo ni lita 12,000. Ikiwa tangi la chini ni la lita 20,000 na la juu ni la lita 10,000, yote yakijaa una siku mbili na nusu. Ukiambiwa maji ya mji hufunguliwa mtaani kwenu mara moja kwa juma, ujue siku nne na nusu zinazobaki ni za boza. Bajeti isiyo na mstari wa boza ni porojo, hata kama imechapwa vizuri.

Kisha nenda kwenye mita. Kila fleti iwe na mita yake ndogo, na kila mwisho wa mwezi jumla ya mita ndogo ilinganishwe na mita kuu ya kampuni ya maji, ukijumlisha na lita za maboza. Tofauti ikiwa ndogo ni maji ya kuosha ngazi na kumwagilia maua. Ikiwa kubwa, kuna mahali panapovuja au kuna mtu ameunga bomba kabla ya mita. Njia rahisi ya kujua ni kusoma mita kuu saa tano usiku, tangi la chini likiwa limejaa, na kuisoma tena saa tisa. Usiifanye Ramadhani, maana saa tisa watu wako macho wanapika daku na utapata jibu la uongo. Mita ikisogea wakati jengo limelala, anza na boya la tangi la chini, kisha bomba la kutoka barabarani. Uvujaji wa ndani ya fleti hutauona hapo, utauona kwenye mita ndogo. Mara nyingi ni choo. Tia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi la choo, ngoja bila kuvuta maji. Rangi ikionekana bakulini, mpira wa ndani umekwisha, nao ni wa bei ndogo kuliko boza moja.

Maji ya chumvi yana bomba lake na maji matamu yana lake. Chumvi ni ya vyoo na kufagilia uwanja, tamu ni ya jikoni na bafuni. Paka rangi mbili tofauti kwenye valvu, na umkataze fundi yeyote kuunganisha mistari hiyo miwili hata kwa "siku moja tu". Siku moja hiyo hutosha kuharibu hita za watu, na bomba la muda halitolewi tena. Utalirithi wewe na atakayekuja baada yako.

Boza likifika, askari wa geti asitie sahihi kwa kuambiwa. Awe na ufito wenye alama, apime tangi kabla na baada, aandike namba ya gari na saa. Dereva atanuna mara ya kwanza, mara ya tatu atakuletea boza lililojaa kweli. Uliza pia maji yametoka kisima gani, na upeleke sampuli maabara mara kwa mara. Matangi ya juu yafunikwe vizuri. Kunguru wa mji huu hawana adabu, na wakizoea kuoga tangini mwako hutajua mpaka watoto waanze kuharisha.

Sasa ndipo nifike kwenye jambo ninalotaka ulishike: hesabu hizo zote zibandikwe ukutani kila mwezi, karibu na lifti. Lita zilizoingia kwa mita kuu, maboza mangapi, kwa bei gani, na kila fleti imetumia kiasi gani. Bi mkubwa mmoja wa ghorofa ya chini aliniuliza mbele ya kikao kizima, "Mwanangu, haya maji mnayotulipisha ni ya Zamzam?" Watu walicheka, lakini swali lilikuwa la haki. Mtu hakatai kulipa kwa sababu ni mkorofi. Wengi hukataa kwa sababu hawaoni pesa zimekwenda wapi. Wakorofi wapo, nao utawatambua haraka mara hesabu ikishakuwa wazi, kwa kuwa watabaki peke yao.

Ni lazima ujue pia unamtumikia nani. Jengo la mwenye mmoja ni jepesi: unakusanya kodi, unatengeneza, unampelekea ripoti. Mpe hesabu mapema, kwani kodi ya serikali juu ya mapato ya nyumba za kuishi, asilimia 7.5 ya pango lote tangu Januari 2024 kwa wenye mapato ya kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ripoti yako ikifika tarehe 19 umemtia matatani kwa uvivu wako.

Jengo la wenye wengi ni kazi nyingine kabisa. Huyu yuko Nyali, yule yuko Uingereza, mwingine amempangisha shemeji yake asiyelipa. Sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa fleti mojamoja inampa kila mmoja hati ya fleti yake, na wote kwa pamoja wanakuwa shirika linalomiliki usimamizi wa paa, ngazi, lifti na uwanja. Michango hugawanywa kwa uwiano wa sehemu ya kila mmoja, si kwa kelele zake kikaoni. Majengo mengine bado yako kwenye mpango wa zamani wa kampuni na hisa, ambapo kampuni ndiyo inayomiliki jengo na kila mwenye fleti ana hisa zake. Soma makaratasi ya jengo lako kabla hujamwandikia mtu barua ya deni, kwa sababu wakili wake atayasoma.

Ada ya huduma, yaani michango ya kuendesha jengo, na mfuko wa akiba wa matengenezo makubwa visikae akaunti moja, na vyote viwili visikae kwenye akaunti yako. Simu yako isipokee pesa za jengo hata shilingi. Weka namba ya kulipia ya jengo, na namba ya fleti iwe ndiyo namba ya akaunti, hapo huna haja ya kuuliza "aliyetuma elfu sita jana ni nani?"

Kuhusu wadaiwa, vijana wengi hufundishwa ubabe: kata maji, fungia mlango kufuli, toa vyombo. Usithubutu. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inataja haki ya maji safi na ya makao, na kukamata vyombo vya mpangaji kwa deni la kodi ni kazi ya dalali mwenye leseni, si ya askari wako wa geti. Ukikuta vyumba vya zamani ambavyo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, hivyo vina mahakama yao ya kodi na huwezi kupandisha bei wala kumtoa mtu kwa barua ya kawaida. Kinachofanya kazi ni kuwahi. Deni la mwezi mmoja huzungumzwa kwa simu ya adabu tarehe 6. Mpigie, mwamkie, muulize hali, kisha umwulize atalipa lini na uandike jibu lake. Deni la miezi sita huzungumzwa na mawakili, na hapo kila mtu ameshapata hasara.

Adui wa pili baada ya ukame wa mifereji ni chumvi ya bahari. Kizingo, Nyali, Bamburi, hata Tudor upande wa kijito, upepo huleta chumvi ukutani mwaka mzima. Chumvi hupenya zege, ikifika kwenye nondo nondo hushika kutu, kutu huvimba, na zege hupasuka kutoka ndani. Utaona mstari mwembamba chini ya roshani, kisha doa la rangi ya kahawia, kisha kipande kinamdondokea mtu juu ya gari. Tembea na nyundo ndogo, ugonge chini ya roshani zote mara mbili kwa mwaka. Mahali panapolia utupu pana ugonjwa. Na hapa fundi wa kupaka plasta juu ya ufa ni hasara tupu. Zege bovu likatwe mpaka nondo ionekane yote, kutu isuguliwe, nondo ipakwe dawa, iliyokwisha ibadilishwe, ndipo pazibwe kwa mchanganyiko unaofaa. Ni ghali, ndiyo. Mfuko wa akiba ni wa hayo, si wa marumaru mpya za mapokezi ambazo wenye nyumba huzipenda sana.

Vishikio vya mitambo ya kipupwe vinavyoning'inia nje navyo viangalie kwa jicho la hofu. Skrubu na bolti za nje ziwe za chuma kisichoshika kutu, daraja la 316, hata muuzaji akikuapia kwamba za kawaida "ni zile zile".

Kazi zako zipange kwa pepo, si kwa robo za mwaka za wahasibu. Februari na Machi, kaskazi ikiwa bado inavuma na jua ni kali, ndio wakati wa paa: ziba nyufa, safisha mifereji ya mvua, paka dawa ya kuzuia maji ikauke sawasawa. Masika ikishaingia Aprili na kusi kuanza kusukuma mvua kwenye madirisha ya upande wa bahari, kilichobaki ni ndoo. Kabla ya Novemba kuisha, pampu zote za maji ziwe zinafanya kazi na shimo la choo liwe limenyonywa, kwani sehemu kubwa ya mji haina bomba la maji taka na Disemba wageni wa bara wanashuka. Fleti ya watu 4 itakuwa na watu 11. Wenye fleti za kukodisha kwa siku mbili tatu walipe maji kwa mita, na majina ya wageni yafike getini kabla ya wageni wenyewe.

Kitabu cha getini nacho kisilale wazi mezani kila mpita njia akisoma namba za vitambulisho na simu za watu. Kuna sheria ya kulinda taarifa za watu tangu 2019. Kifungwe, na vya zamani viharibiwe. Lifti ikaguliwe kila miezi 6 na mtu aliyeidhinishwa, cheti kibandikwe ndani. Hayo hayana mjadala.

Yenye mjadala ni ya kuishi pamoja. Iddi ya kuchinja inakuja kila mwaka na kila mwaka kuna msimamizi anayeshangaa. Wiki mbili kabla, kubalianeni wapi mbuzi watafungwa, wapi watachinjwa, nani ataleta maji ya kuoshea, na ngozi na matumbo vitachukuliwa na nani saa ngapi. Damu na mafuta visipelekwe kwenye mtaro wa mvua. Harusi za uwanjani ziwe na saa ya kuzima spika, iandikwe na kusomwa siku ya kuomba ruhusa, si usiku wa harusi. Ukiwa wewe si Muislamu, au si mtu wa pwani, waulize wazee wa jengo kabla ya kuandika kanuni. Kanuni iliyotungwa ofisini huko juu itakaa ubaoni tu.

Keateka, mtunza jengo aliyekuwepo kabla yako, usimwone wa kale. Ramani za majengo mengi hapa zimepotea au hazikufuatwa, na yeye ndiye anayejua valvu ya mstari wa kushoto iko chini ya kigae gani. Tembea naye siku nzima na karatasi, chora kila bomba, piga picha kila valvu. Mlipe wakati wake. Siku akiondoka akiwa na hasira, jengo lako limepoteza kumbukumbu.

Ukitaka baadaye kufungua ofisi yako na kusimamia majengo ya wengine kwa malipo, jisajili kwanza kwenye bodi ya mawakala wa nyumba, chini ya Sura 533.

Na mafundi. Omba bei kwa watatu, kwa maandishi, kwa kazi iliyoelezwa kwa maneno yale yale, la sivyo unalinganisha embe na nazi. Watakuja na chai. Wengine watakuambia asilimia kumi ni yako na kwamba aliyekutangulia ndivyo alivyokuwa akifanya, na huenda ni kweli. Fundi akikuletea bahasha, mwambie aipunguze kwenye ankara, kisha ankara hiyo uibandike pale karibu na lifti pamoja na za maboza.