Maswali na majibu: matembezi ya mashambani Uingereza na familia

Tunapitaje kwenye mashamba ya watu? Mume wangu anaogopa kufukuzwa mbele ya watoto. (Mama wa wawili, Leicester)

Dada yangu, hofu ya mumeo naielewa. Kwetu ukikutwa katikati ya shamba la mtu, lazima ujieleze. Lakini England na Wales zina njia za umma zinazolindwa na sheria hata zikikatiza shamba la mtu binafsi. Huombi ruhusa wala hulipi. Tafuta mshale uliobandikwa kwenye nguzo ya geti: wa njano ni wa waenda kwa miguu, wa bluu unaruhusu pia farasi na baiskeli. Kwenye ramani za Ordnance Survey zenye jalada la rangi ya chungwa, njia hizo ni vistari vya kijani. Mkulima akiilima njia, anatakiwa airudishe ipitike. Ninyi bakini njiani, acheni geti kama mlivyolikuta, na mbwa asiwasumbue kondoo. Mkikutana na mwenye shamba, msalimieni mwendelee. Natamani sana watoto wetu wanaokulia huku wajue kwamba njia hizi ni zao pia.

Tupo Reading, hatuna gari. Twende wapi penye historia?

Avebury, mkoani Wiltshire. Pandeni treni hadi Swindon, kisha basi. Sehemu ya kijiji imo ndani ya duara la mawe lililosimamishwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, na watoto wanaweza kuyagusa, jambo ambalo kwenye duara maarufu la mawe la Stonehenge kwa kawaida haliruhusiwi. Kutoka hapo fuateni njia ya kusini, mpite kilima cha Silbury, mpande hadi kaburi la kale la West Kennet. Ni kama kilomita 5 kwenda na kurudi. Saa ya basi la mwisho ijueni kabla hamjatoka nyumbani.

Mwanangu wa miaka tisa atasema ni mawe tu. Nimwambie nini?

Mwonyeshe kwanza nguzo fupi za zege zilizo katikati ya mawe. Kila moja inashika nafasi ya jiwe lililopotea. Karne ya 17 na ya 18 wanakijiji waliyachoma mawe kwa moto wa majani makavu, wakayamwagia maji baridi, wakayapasua kwa nyundo na kujengea nyumba. Mengine yalikuwa yamefukiwa tangu zamani, na miaka ya 1930 Alexander Keiller, tajiri aliyerithi fedha za mamaledi, aliyafukua na kuyasimamisha tena. Mwaka 1938 chini ya jiwe mojawapo ilikutwa mifupa ya mwanamume, pamoja na mkasi na sarafu za karne ya 14. Mtoto akisikia hayo atauliza mwenyewe yanayofuata.

Kilima cha Silbury kilirundikwa kwa mikono, sehemu kubwa ikiwa chokaa, karibu mwaka 2400 KK. Wachimbaji hawajakuta kaburi ndani yake, na sababu ya kukijenga haijulikani hadi leo. Kukipanda ni marufuku. West Kennet, hata hivyo, mnaingia ndani kabisa, chukueni tochi. Humo walizikwa watu wasiopungua 36, wakubwa na watoto, na mimi huwaomba wanangu washushe sauti wakiwa mle.

Magoti yangu hayanipi raha. Nibaki nyumbani? (Mzee, Milton Keynes)

Shikamoo mzee wangu. Usibaki. Tembea kwenye nyasi zilizo karibu na barabara ya kijiji, usipande tuta linalozunguka mawe ya Avebury kwa sababu mteremko wake ni mkali. Vijana wakienda kaburini, wewe kaingie kanisa la Mtakatifu James, ambalo asili yake ni kabla ya mwaka 1066.

Tuvae na tule nini?

Mabuti ya mpira ikiwa ni majira ya baridi, maana njia ya kando ya mto hujaa maji. Koti la mvua hata jua likiwaka. Fungeni chapati na mayai ya kuchemsha, na chai ya chupa.