Ruzuku ya Ubunifu wa Hifadhi ya Udongo

SWALI: Ndugu Mhariri, huu ni mwaka wangu wa tatu kulima mboga katika ekari 5 nilizokodi Minnesota, Marekani. Je, naweza kuomba ruzuku ya serikali ya ubunifu wa hifadhi ili nipande mimea ya kufunika udongo?

JIBU: Ndugu msomaji, ruzuku hiyo, iliyoanzishwa na sheria ya kilimo ya mwaka 2002 na kusimamiwa na NRCS, idara ya hifadhi ya maliasili iliyo chini ya Wizara ya Kilimo, hutolewa kwa ushindani kwa ajili ya kujaribu mbinu ambazo bado hazijazoeleka. Mimea ya kufunika udongo imekwisha kukubalika, hivyo mahali pake ni mpango wa EQIP, ambao humlipa mkulima sehemu ya gharama. Hili lina heri kwako: kwa kuwa hujapita miaka 10 katika ukulima, unaweza kutambuliwa kama mkulima mpya, ambaye hulipwa kwa kiwango cha juu zaidi na anaweza kuomba angalau nusu ya fedha mapema ili anunue mbegu. Kwa kuwa shamba ni la kukodi, utatakiwa kuthibitisha kwamba utalitumia kwa muda wote wa mkataba wa EQIP. Nakusihi sana usianze kazi kabla mkataba haujatiwa saini, maana kwa kawaida kazi iliyoutangulia hailipwi. Anzia katika ofisi ya wizara hiyo inayohudumia kaunti yako, uombe shamba lisajiliwe na lipewe namba.