Umemaliza dozi ya TB unataka kurudi kwenye tai chi? Anza na kusimama tu

Kwa wenzangu mliotoka kwenye kifua kikuu na mnatamani kurudi kwenye tai chi, yale mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole, ushauri wangu wa kwanza ni huu, ile fomu ya mikao 24, yaani mikao inayofuatana kwa mpangilio mmoja, iacheni kwanza. Najua unaikumbuka yote na mikono inataka kwenda, ila mapaja hayapo tena. TB inakula nyama ya mwili kabla hata hujajua unaumwa, na fomu yenyewe inabebwa na mapaja, magoti yamekunjwa kidogo mwanzo mwisho, uzito unahama polepole mguu huu kwenda ule, sasa ukiingia na miguu ya mtu aliyetoka kitandani juzi magoti ndo yatabeba kazi ya misuli na utajitafutia maumivu mengine.

Mi tai chi nilijifunza hapa hapa Mtwara, enzi zile linajengwa bomba la gesi la kutoka Madimba kwenda Dar, kuna fundi mmoja Mchina alikuwa anafanya alfajiri ufukweni Shangani, sisi tuliokuwa tunakimbia pale tukaanza kumfuata nyuma taratibu mpaka akatuzoea. Alikuwa anatusimamisha weee, hatuendi popote, na kusimama huko ndo kumenirudisha.

Miguu upana wa mabega, vidole vinatazama mbele, magoti yamelegea tu, kiuno kimeshuka kidogo unakaribia kukaa ila hukai, mabega yameachiwa, unavuta pumzi kwa pua mpaka tumbo linajaa. Weka kiti nyuma yako. Ukichoka kaa na uendelee kupumua hivyo hivyo huku unainua mikono, hiyo nayo ni tai chi, kuna watu wanafanya fomu nzima wakiwa kwenye kiti. Ukiweza kusimama na ukaongea sentensi nzima bila pumzi kukatika, anza kuhamisha uzito, egemea kulia mpaka kisigino cha kushoto kiwe chepesi kabisa, karatasi inaweza kupita chini yake, ndo urudi upande wa pili.

Sasa suala la ganzi, hili naomba mlisikilize vizuri. Kwenye zile dawa nne za miezi 2 ya mwanzo kuna isoniazid, na inaendelea tena miezi 4 inayofuata pamoja na rifampicin. Hiyo isoniazid inaweza kugusa mishipa ya fahamu ya miguu, nyayo zikawa zinachoma au zinakufa ganzi, ndo maana wengi hupewa na vitamini B6. Mi nilikuwa niko peku kabisa lakini nakanyaga sakafu nahisi kama nimevaa soksi. Na kwenye tai chi unyayo ndo unakuambia uzito uko wapi! Usikae nayo kimya, mwambie nesi au daktari pale kliniki, na dawa usiziache kwa sababu hiyo.

Ndo maana nawaambia msikimbilie ufukweni. Mchanga mkavu wa juu unazama, kifundo kinacheza, na kama una ganzi utakanyaga chupa usijue mpaka uone damu. Anza barazani kwenye saruji, na raba za soli nyembamba, ukuta uko karibu na mkono. Ukipata nguvu nenda maji yakiwa yamekupwa, ule mchanga wenye unyevu ni mgumu. Miezi ya kusi mi nabaki barazani, kifua changu hakiutaki ule upepo. Na kama bado uko wiki za mwanzo za dawa usijiunge na kikundi mpaka kliniki wakuambie huambukizi tena.

Kwenye fomu nilianza kurudisha ule mkao unaoitwa mikono ya mawingu, maana unaenda pembeni tu, hakuna teke, unakatisha popote pumzi inapokwisha. Ule mkao wa kushuka chini halafu unasimama mguu mmoja bado nimeuacha na sina haraka nao, maana TB inaweza kupona kabisa na makovu yakabaki kwenye mapafu, pumzi ikawa fupi hata makohozi yakiwa safi. Ila kukohoa damu, homa za jioni kurudi, au uzito kuanza kushuka tena, hayo sio uchovu wa mazoezi, siku hiyo hiyo nenda kliniki na kadi yako.